Jina la Marehemu Kwenye Runinga

Mliniacha nimesimama mbele ya wanawake thelathini na wawili, pedi ya gemu mkononi, runinga imegoma.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfungia dagaa, nitasema kwa kifupi na sirudii. Naitwa Lukresia. Nina banda la gemu hapa Nyakato, Musoma. Siku zote wanacheza vijana, ila Alhamisi saa nane mchana wanaingia wanawake kutazama tamthilia waliyoikosa wiki nzima kwa kukatika umeme. Mashine ya gemu ina programu ya vipindi vilivyopita, na mimi nailipia kwa kadi ya kwenye simu. Tarehe moja ikifika mashine inajikatia yenyewe, haina salamu wala samahani.

Aliyeifunga mashine na kufungua akaunti ni mume wangu, Hezron, muuza simu na redio, mwenye duka mjini na tawi Bunda. Mtu wa vifaa. Mtu wa kusema, "Mama Penina, wewe tazama tu, huku kwenye mipangilio usiguse, utaharibu."

Na mimi nisiguse. Msomi mzima wa kidato cha nne!

Basi Alhamisi ile tulikuwa tumefika pale pa jeneza. Wifi yangu Rhobi, mke wa mdogo wangu Pastory, alikuwa ameshanichokonoa kwa simu tangu Jumanne: "Wifi, ukifika kwenye jeneza ujishike!" Banda zima kimya. Mkono wa yule mama kwenye tamthilia uko juu ya kifuniko. Runinga ikaandika kwamba akaunti hii inatumika kwenye mashine nyingine, tuzime moja.

Mlionitumia ujumbe nimwite fundi, asanteni sana. Fundi wa nini? Mashine ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi.

"Lukresia," akasema Marieta, jirani yangu wa mihogo, mdomo wake hauna breki. "Rudisha mia tano zetu au fungua hilo jeneza."

"Ni mtandao."

"Mtandao gani unaosema mashine nyingine? Kuna mtu anakula mboga yako."

Wakacheka. Nikawarudishia mia tano mia tano, mmoja mmoja, wakatoka wanasonya. Nikafunga mlango. Nikaingia kwenye mipangilio.

Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza imeandikwa Nyakato. Ya pili imeandikwa Bunda.

Nikajiambia, ni dukani, anawaonyesha wateja. Mnaona akili yangu? Ushahidi uko mbele ya macho na mimi nimeshajiajiri kuwa wakili wake.

Nikashuka chini, kwenye majina ya watazamaji. La kwanza, Lukresia. La pili, Hezron. La tatu lilikuwa la mtoto, lina picha ya sungura aliyevaa miwani.

Limeandikwa Magige.

Nilikaa chini kwenye benchi la wateja.

Magige ni baba yake Hezron. Alikufa miaka sita iliyopita, kaburi lake liko Butiama, mimi mwenyewe nilipika ugali wa matanga mpaka viganja vikachubuka. Na kwetu jina la mzee aliyekufa halipewi ng'ombe wala mbwa. Linamsubiri mjukuu wa kiume. Hezron ni mtoto wa kiume peke yake. Mimi nimezaa wasichana watatu, Penina na wadogo zake. Kila nilipojifungua, mama mkwe alikuja, akafunua kanga ya mtoto, akaangalia panapoangaliwa, akafunika.

"Haya," alikuwa anasemaga. "Magige bado yuko njiani."

Kumbe alishafika. Alipitia Bunda.

Hebu mtazameni huyo mwanamume. Alificha mwanamke. Alificha kodi ya nyumba. Alificha mimba, kujifungua, nepi, homa za usiku, vyote nikawa sijui. Halafu mashine ikamuuliza mtoto anaitwa nani, akashindwa kujizuia! Angeandika Mtoto. Angeandika Wateja. Lakini mjinga alikuwa amelisubiri hilo jina miaka yote, akaona kisanduku kitupu, mate yakamtoka, akaliandika. Kwenye akaunti ninayolipia mimi.

Nikafungua kwa sungura. Katuni. Jumatatu saa nne asubuhi, katuni. Jumanne, katuni za magari. Jumatano, katuni za magari zile zile. Mtoto anapenda magari.

Na katikati ya katuni, tamthilia. Tamthilia yangu! Yuko kipindi cha themanini na moja. Mimi na wanawake wote wa Nyakato tuko cha sabini na tisa.

Wezi wa waume nilikuwa nawasikia. Mwizi wa mume anayenitangulia vipindi viwili kwa hela yangu mwenyewe, huyo alikuwa mgeni kwangu. Akaunti ilionyesha mashine ya Bunda imeunganishwa miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne natoza vijana wa watu mia tatu mia tatu, naweka kwenye kadi, ili mke mwenzangu asikose jeneza.

Nikabadilisha neno la siri. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Dakika kumi hazikufika, simu ikaita.

"Mama Penina! Habari za banda?"

"Banda zima."

"Hujagusa kitu kwenye mashine?"

"Kitu gani?"

"Aa, hapa dukani kuna mteja anataka kujaribu, sasa inadai neno la siri."

"Mteja ana umri gani?"

Nikasikia pikipiki ikipita upande wake.

"Mtu mzima tu. Mwalimu."

"Mwambie mwalimu katuni zimeisha."

Nikakata. Hakupiga tena. Baadaye ukaja ujumbe: anakwenda Mwanza kufuata mzigo, tutaongea Jumapili. Mwanamume mzima kakimbizwa na sungura mwenye miwani.

Sasa ninyi mnaosema Lukresia beba mabegi uondoke, ngojeni. Hamjui hesabu za kwetu.

Niliolewa kwa ng'ombe kumi na wawili. Hawakukaa zizini kwa baba yangu Suguti hata msimu mmoja. Walikwenda moja kwa moja kwa baba yake Rhobi, mdogo wangu Pastory akaoa. Ng'ombe wangu ndio ndoa yake. Nikiondoka kwa Hezron, ukoo wa Hezron utadai mifugo yao, na mifugo yao ni Rhobi.

Nikampigia Pastory. Yuko mgodini, anarudi nyumbani kila baada ya miezi miwili, amekonda kwa ajili ya ada ya mkewe. Rhobi anasoma kozi ya maabara Bunda tangu mwaka jana mwanzoni, anakaa kwa mama yake mdogo, yeye na mtoto wao Dennis. Nilimweleza Pastory yote, mpaka sungura.



"Dada, nitamuua huyo shemeji."

"Utamuua kwa kitu gani, kwa beleshi? Nataka kurudi nyumbani Suguti."

Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtoto niliyekuwa namwogesha mimi.

"Dada, ukirudi watataka ng'ombe. Nitawatoa wapi kumi na wawili? Baba mkwe alishauza wengine. Atakuja kumchukua Rhobi wake. Na Dennis atakwenda na mama yake."

"Kwa hiyo nikae?"

"Sijasema ukae."

"Umesemaje?"

"Nimesema nina mke na mtoto, dada. Sina kingine."

Mwanamume wa miaka thelathini akalia kwenye simu. Na mimi, mwenye mdomo wa kuwasuta wanawake thelathini na wawili, mdomo ukaisha.

Rhobi nilimchagua mimi. Nilimwona kanisani Bweri, msichana mchangamfu, nikamwambia Pastory oa huyu. Pastory alipokwenda mgodini, ni mimi niliyesema mwari asikae Suguti kupalilia mihogo peke yake, nikamtafutia kazi kaunta, dukani kwa Hezron, miaka mitatu mizima kabla ya kwenda chuo. Dennis alipozaliwa ni mimi niliyemshika siku ya ubatizo. Pasaka hii alilala mapajani kwangu na biskuti mkononi, ikayeyuka yote kwenye gauni langu jipya, sikumwamsha.

"Sitaondoka," nikamwambia Pastory. "Kwa ajili ya Dennis. Nitameza."

"Mungu akuzidishie, dada."

"Usinibariki. Ila huyo mwanamke nitamwona kwa macho."

"Basi ukifika mlangoni nipigie, niwe sikioni mwako. Usije ukampiga mtu ukafungwa."

Kumeza nilikubali. Kunyamaza sikukubali. Ijumaa asubuhi nikaenda Butiama kwa mama mkwe.

Mama Bhoke mnamkumbuka, yule wa kufunua kanga. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana, nausimulia ili mcheke vizuri. Jina la marehemu kwetu linatamkwa na mjane wake. Yeye ndiye anayemshika mtoto na kumwita mara ya kwanza, ukoo ukisikia. Hezron amelitoa jina la baba yake kwa siri, kwa mashine, bila mama yake kuitwa. Nikasema bibi atawaka. Atamwita, atamkalisha mbele ya wajomba, atamvua nguo. Mimi nitakaa pembeni na leso yangu, nionewe huruma.

Nilimkuta anaanika mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja mikono mitupu, kuna msiba?"

"Mama, Hezron ana mwanamke Bunda."

Akaendelea kutandaza mtama.

"Wanaume," akasema.

"Wana mtoto, mama. Wa kiume." Nikatupa kombora langu. "Wamempa jina la mzee. Wamemwita Magige, na wewe hujaitwa."

Mikono ikasimama. Akanyanyuka taratibu, akashika kiuno, akanitazama. Nikajiambia, sasa.

Mama mkwe wangu akapiga kigelegele.

Alikipiga mpaka kuku wakatawanyika. Majirani wakachungulia, wawili wakaja mbio na majembe yao. Akawashika mabega. "Magige amefika! Mume wangu amerudi! Mke wa Hezron ameniletea habari!" Wakanishika mikono, wakanipongeza. Mmoja akanikumbatia. Nilikuwa nimekwenda kumchongea mume wangu, nikapongezwa kama niliyezaa.

"Ana afya?" mama akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Anafanana na nani?"

"Mama, nimeona jina tu. Kwenye runinga."

"Ameshaanza kuonekana kwenye runinga!" akawaambia majirani.

Yesu wangu! Nilitaka ardhi ipasuke, ila hata ardhi ya Butiama iko upande wa mama mkwe.

"Mama, na jina kutolewa bila wewe?"

"Nitalitoa upya. Leo. Huyo jogoo mwekundu mkamateni." Akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani. "Twende."

"Twende wapi?"

"Bunda. Wewe utanipeleka."

"Mimi, mama? Kwa mke mwenzangu?"

Akanitazama kama anayetazama mtu aliyeuliza maji ni nini.

"Si wewe uliyemwona?"

Ndiyo hivyo. Msinionee huruma, sistahili. Mwanamke mwenye akili zake angekataa. Mimi nilibeba jogoo. Tulipanda Noah ya abiria mpaka Makutano, tukaunga nyingine ya Bunda, jogoo mapajani mwangu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, ananijambia njia nzima, na mama mkwe pembeni anaimba wimbo wa kumlaza mtoto.

Ilinijia njiani kwamba hatujui nyumba. Nikafurahi. Nikasema tutazunguka, tutachoka, tutarudi.

Tukaingia dukani kwa Hezron. Bosi yuko Mwanza, kwenye kaunta yuko msichana anaitwa Brenda, ananifahamu kwa jina tu, hajawahi kuniona. Kabla sijafungua mdomo mama akajitambulisha.

"Mimi ni bibi yake Magige."

Brenda akaruka.

"Bibi yake Magige! Karibu, karibu sana bibi! Baba Magige hakusema unakuja!" Akatoka mpaka barazani, akanyoosha kidole. "Pita hapo kwenye mashine ya kusaga, nyuma ya kanisa, geti la kijani. Uliza kwa Mama Magige, hata kipofu atakupeleka. Na huyu dada?"

"Huyu amebeba kuku," akasema mama mkwe.

Baba Magige! Musoma ni Baba Penina, anaitika. Bunda ni Baba Magige, anaitika. Mji mzima unajua, wasaga nafaka wanajua, wana kwaya wanajua. Aliyekuwa hajui ni mlipaji.

Tulifika saa tisa. Geti la kijani, limepakwa rangi juzi juzi. Juu ya bati kuna antena mpya. Nikasimama. Nitasema ukweli, niliogopa. Niliogopa atakuwa mzuri. Niliogopa atakuwa na adabu, anipe kiti na soda, nikose hata pa kumchukia.

Nikampigia Pastory, nikabana simu kati ya sikio na bega, maana mikono ina jogoo.

"Tumefika, mdogo wangu."

"Dada, niko hapa. Vuta pumzi. Kumbuka ulichoniahidi."

"Nakumbuka."

"Kwa ajili ya Rhobi na Dennis."

"Nimesema nakumbuka, Pastory."

Mama mkwe akagonga kwa kiganja, akaita kwa sauti ya kanisani: "Magige! Magige baba! Njoo umfungulie mkeo!"

Ndani nikasikia miguu midogo inakimbia kwenye saruji. Komeo likahangaika, likateleza. Geti likafunguka kidogo, kisha sana.

Alikuwa amesimama kifua wazi, miaka mitatu, pedi ya gemu inaning'inia mkononi kwa waya wake. Hakumtazama bibi. Alimpita kwa macho, akanitazama mimi, uso wote ukafunguka.

"Shangazi!" akapiga kelele. "Shangazi, katuni zimekataa!"

Jogoo akaniponyoka.

Nikakumbuka Jumanne, ile simu ya Rhobi. Wifi, ukifika kwenye jeneza ujishike. Alikuwa ameshaona. Alikuwa kipindi cha themanini na moja.

Mama mkwe alikuwa ameshamnyanyua juu, anamzungusha, kigelegele cha pili kinapanda, na mtoto anacheka. Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikauliza nani yuko getini, sauti ninayoijua kuliko ya runinga.

Simu ilikuwa bado begani kwangu. Nilikuwa nimeisahau.

"Dada," akasema Pastory polepole. "Huyo si Dennis?"